Suti ya Bluu ya Papa Lucien

Kila siku Séphora aliporudi kutoka shule, kitu cha kwanza kumpokea kilikuwa harufu ya rangi ikichemka. Waliishi Kamalondo, katika mji wa Lubumbashi, kwenye uwanja mmoja wenye nyumba tatu, na kamba za nguo zilikatiza uwanja huo kila upande. Suruali nyeusi, sketi za kijani, makoti ya kahawia, zote zilidondosha maji ya rangi, na udongo chini yake ulikuwa na madoa kama manyoya ya kanga.

Mama yake, Adolphine, alikuwa mtia rangi. Watu walimletea nguo zilizochoka, naye alizirudishia uhai. Baba yake, Donat, alifanya kazi Kolwezi na alikuja mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo nyumba ilitegemea lile beseni kubwa la bati lililokaa juu ya mbabula, yaani jiko la makaa. Adolphine aliacha shule darasa la pili. Lakini ukimpa nguo iliyopoteza rangi, aliishika, akaigeuza, akainusa, kisha akakuambia mkosaji ni nani.

"Hii jua ndiyo imeipausha," alikuwa akisema. "Ona, mabega yamekuwa meupe, lakini chini ya kwapa rangi iko palepale. Hii nyingine imechujuka kwa kufuliwa-fuliwa. Na hii, maskini, bameinywesha javel, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Javel hainywi kidogo, inakula mpaka uzi."

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni maandishi kwenye pakiti za dawa zake. Hapo alimtegemea Séphora.

Séphora alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa nane shuleni. Katika mtihani uliopita alipata kumi na nane juu ya ishirini katika Kiingereza. Adolphine alizunguka na karatasi ile ya alama mtaa mzima. Alimwonyesha muuza mikate, alimwonyesha seremala, alimwonyesha hata mchungaji mlangoni mwa kanisa. Tangu siku hiyo jirani yao, Mama Ngosa, alimwita Séphora "Madame London", na jina likashika.

Ukweli ni kwamba alama zile hazikuwa zake. Séphora aliketi nyuma ya rafiki yake Exaucée, na kila jibu alilichukua juu ya bega la Exaucée. Exaucée alijua. Hakumshtaki, ila alimcheka.

"Madame London," alimwambia siku moja, "ukipanda ndege kwenda huko London, hakikisha nimekaa kiti cha mbele yako. La sivyo utashuka wapi?"

Séphora alicheka naye, kisha akabadilisha mazungumzo.

Alhamisi moja, baada tu ya chakula cha mchana, Mama Simone aliingia uwanjani. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani na macho yake yalikuwa yamevimba. Mtaa mzima ulijua kwamba mumewe, Papa Lucien, dereva mstaafu wa treni, alifariki Jumatatu. Mama Simone alikaa kwenye kiti alichopewa, akafungua furushi mapajani mwake. Ndani mlikuwa na suti ya bluu.

"Alioa nayo," alisema. "Miaka arobaini na moja. Kila Pasaka aliivaa. Akiwa mugonjwa aliniambia, 'Simone, usinizike na suti ya kuazima. Unizike na yangu. Lakini uipeleke kwanza kwa Adolphine, sababu ikiwa namna hii bantu batasema umenivalisha matambara.'"

Adolphine aliichukua kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yamepauka, magoti yalikuwa kama majivu. Aliinua ukosi, na chini yake, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, bluu ya zamani ilikuwa bado nzito na safi.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Ndiyo hii," Mama Simone alijibu, na machozi yakamtoka. "Kesho saa moja asubuhi nitakuja kuichukua. Saa tatu tunamutoa morgue, kwenye chumba cha maiti. Hakuna suti nyingine, Adolphine. Hakuna."

"Mama Simone, Papa Lucien atalala na bluu yake. Nimesema."

Mjane alikwenda zake, na Adolphine akaanza kazi palepale. Alikuwa na makopo mawili ya rangi ya bluu. Alichemsha maji, akatia kopo moja na chumvi, akaizamisha suti, akaikoroga kwa mti bila kupumzika kwa muda wa saa nzima. Alipoiinua, hata Mama Ngosa aliyekuwa akimenya mihogo mlangoni pake alipiga makofi. Bluu ilikuwa imerudi.

Ilibaki hatua ya mwisho. Nguo iliyotiwa rangi huogeshwa katika maji yenye dawa ya kushika rangi. Bila dawa hiyo rangi hutoka na kuchafua shati, mikono, kila kitu. Dawa ya zamani ya Adolphine ilikuwa imekwisha. Asubuhi hiyo Mwansa, mchuuzi aliyepitisha bidhaa mpakani Sakania, alimwachia pakiti mbili mpya, zote nyeupe, zote sawa kwa ukubwa. "Moja inashika rangi, nyingine inatoa rangi kwenye nguo," alimwambia. "Ipi ni ipi, mutoto wako atasoma." Akapanda lori lake, akaondoka.

"Séphora!" mama aliita. "Kuya unisomee."

Séphora alizichukua. Pakiti hazikuwa na picha wala Kifaransa. Maandishi ya juu yalikuwa ya Kiingereza, ya chini ya Kihispania. Pakiti ya kwanza ilisema *Prevents fading*, na chini yake *Evita la decoloración*. Ya pili ilisema *Strips color*, na chini yake *Quita el color*.

Alisoma mara moja. Alisoma mara ya pili. Neno moja tu la Kiingereza alilijua, *color*, na hilo hata mtoto wa chekechea angelijua.

Kwa kina Exaucée hapakuwa mbali. Ilikuwa hatua thelathini kutoka langoni. Séphora alitazama lango.

"Nyamazeni," Mama Ngosa alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyekuwa akipiga kelele. "Madame London anasoma!"

Watoto wa nyumba ya tatu walisogea kutazama. Mama yake alisimama pale, mikono bluu mpaka viwiko, akimtazama kama anavyotazamwa daktari. Séphora aliona aibu kwenda langoni. Aliinamisha kichwa kwenye pakiti tena, na jicho lake likadaka neno *decoloración*. Lilifanana na neno la Kifaransa alilolijua, *décoloration*, kupoteza rangi. Moyo wake uliruka. Basi hii ya kwanza ndiyo inayotoa rangi! Na kama ya kwanza inatoa, ya pili inashika. Neno dogo lililotangulia hakulijali.

"Hii, mama. Hii ya pili ndiyo inashika rangi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Iko kazi ya kilio, Séphora. Una hakika?"

"Mama, si nimekwambia? Ni Kiingereza tu."

Adolphine alipasua pakiti ya pili, akaimimina yote katika maji ya moto, akaizamisha suti.

Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya mayai yaliyooza. Kisha maji yakaanza kubadilika, kutoka bluu kwenda kijani, kutoka kijani kwenda manjano chafu. Adolphine aliingiza mti upesi na kuinyanyua suti. Rangi ilikuwa ikiikimbia mbele ya macho yao. Bluu ya leo iliondoka, na bluu ya miaka arobaini na moja iliondoka nayo. Hata chini ya ukosi hakukubaki kitu. Suti ya Papa Lucien ilikuwa na rangi ya uji uliopoa.

Mama Ngosa aliangusha kisu. 

"Mungu wangu," Adolphine alisema, pole pole. Halafu sauti ikampanda. "Mungu wangu! Mwansa ameniua! Ameniletea dawa ya uongo!" Alichukua simu, akampigia. Simu haikupatikana. Alipiga tena na tena, kisha akaiacha simu ianguke kwenye udongo. "Nitamwambia nini yule mama? Bantu bote batakuwa pale. Batamweka mumewe kwenye sanduku na nguo ya namna hii? Mimi ndiye nimesema atalala na bluu yake. Kinywa changu mwenyewe kimesema!"

Alilia bila kujifunika uso. Séphora hakuwahi kumwona mama yake akilia hivyo, hata siku nyanya alipozikwa. Aliitazama pakiti iliyopasuliwa. Alijua. Dawa haikuwa ya uongo, wala Mwansa hakuwa na kosa. Pakiti ile ilifanya kazi iliyotengenezewa.

Na hakuna mwingine aliyejua. Mama yake alikuwa tayari anamlaumu Mwansa, na Mwansa alikuwa mbali. Séphora angeweza kukaa kimya leo, kesho, na siku zote.

Ghafla Adolphine alisimama. Alifuta machozi kwa kiwiko, akabaki na mstari wa bluu shavuni. "Imebaki kopo moja," alisema. "Naitia sasa hivi, humu humu, maji yakiwa bado ya moto." Alichukua kopo la mwisho la bluu, akaingiza ncha ya kisu chini ya kifuniko.

Séphora alitazama maji ya manjano. Dawa ilikuwa bado mle ndani, na ndani ya kila uzi wa suti. Rangi ya mwisho ikiingia mle, nayo ingeliwa. Baada ya hapo hakuna kopo tena, na maduka ya rangi yalikuwa yamekwisha kufungwa, yangefunguliwa kesho wakati Papa Lucien amekwisha kutolewa.

Kifuniko kilifunguka.

"Mama, usitie!"

"Toka hapo."

"Usitie, mama! Ni mimi. Dawa haina kosa. Ni mimi!" Alishika mkono wa mama yake kwa nguvu mpaka kopo likayumba. "Sikuelewa kwenye pakiti. Nilibahatisha. Nilikudanganya."

"Ulisoma. Nilikuona ukisoma."

"Niliona herufi tu, mama. Kiingereza sikijui. Ile kumi na nane nilinakili kwa Exaucée."

Adolphine hakumpiga. Afadhali angempiga. Aliweka kopo chini, akakaa juu ya bido, dumu la maji lililokuwa tupu, akamtazama kama mgeni asiyemjua.

"'Sijui'," alisema mwishowe. "Neno fupi hivyo. Limekushinda kusema?"

Adolphine alinyoosha kidole kuelekea langoni.

"Nenda kamwite Exaucée. Kimbia."

Exaucée alikuja na kamusi yake ndogo kwapani, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Alichukua pakiti ya kwanza. "*Fading* ni kuchujuka, kufifia. *Prevents* ni kuzuia. Inazuia kuchujuka. Hii ndiyo ya kushika rangi." Akaokota pakiti iliyopasuliwa. "*Strips color*. Inavua rangi."

"Na huku chini?" Adolphine aliuliza. "Kuna maandishi mengine."

"Ni Kihispania, sikijui," alisema Exaucée. "*Evita la decoloración*."

"Evita?" Adolphine alikunja uso. "Si kama *éviter*? *Éviter* hata mimi ninaijua, kwenye kituo cha afya bameiandika ukutani, nesi alitusomea. Kuepuka."

Séphora alifunga macho. Neno lile dogo alilolipita ndilo lililokuwa limebeba kila kitu, na mama yake wa darasa la pili alikuwa amelitambua.

Exaucée aligeuza pakiti ya kuvua rangi, akasoma maelezo ya nyuma kwa kidole, akitafuta katika kamusi kila neno lililomtatiza. Ilichukua muda. "Banasema unaweza kutia rangi mpya," alisema hatimaye. "Lakini kwanza uisuuze nguo mara nyingi, kwa maji safi, mpaka dawa yote iishe. Ikibaki kidogo, itakula rangi mpya."

"Maji safi," Adolphine alirudia, akatazama bomba la uwanjani. Bomba lilikuwa kavu tangu alfajiri.

Maji yalipatikana kwenye kisima cha pampu mwisho wa mtaa, nyuma ya kanisa. Séphora alichukua mabido mawili bila kuambiwa. Safari ya kwanza alikwenda akikimbia. Safari ya pili vipini vilianza kumkata viganja. Ya tatu Exaucée alimpokea bido moja.

"Nipe. Utakufa halafu mimi nimwite nani Madame London?"

"Usiniite hivyo tena."

"Sikuiti. Tembea."

Adolphine alimwaga maji yenye dawa, akaosha beseni kwa mchanga, akaisuuza suti. Aliinusa. Bado. Wakaleta maji mengine. Aliinusa. Bado. Maji ya nne, ya tano, ya sita. Jua lilishuka juu ya mapaa, na Mama Ngosa, aliyekuwa amewanyamazisha watu mchana, alikuja na bido lake kichwani bila kusema neno. Katika maji ya nane Adolphine aliizika pua yake ndani ya kitambaa cha suti na kuvuta pumzi ndefu. Wote walisimama wakimngoja.

"Hakuna harufu," alisema.

Ndipo alipotia kopo la mwisho. Séphora alikoroga saa nzima kwa viganja vilivyochubuka, na chumvi ya maji yale ilimwuma kama moto. Ilipofika zamu ya dawa ya kushika rangi, mama alimpa ile pakiti ya kwanza.

"Soma."

Séphora alisoma polepole, na kwa kila neno alimtazama Exaucée kwanza. Adolphine hakuitia mpaka wote watatu walipokubaliana.

Saa moja asubuhi suti ilikuwa imekauka na kupigwa pasi ya makaa. Ilikuwa bluu, lakini bluu nzito kuliko ile ya kwanza, karibu na nyeusi. Mama Simone alipoingia uwanjani, Adolphine aliiweka suti mikononi mwa binti yake.

"Utamupa wewe. Na utamwambia wewe."

Séphora alisema yote akiwa amesimama, sauti ikimkatika. Pakiti mbili. Uongo. Rangi iliyokimbia. Mama Simone alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliinua ukosi, akatazama chini yake, mahali pale Adolphine alipopatazama jana.

"Hii si bluu ile," alisema.

Séphora alitazama jua lilivyopanda. Saa tatu ilikuwa karibu, na hakukuwa na kopo jingine wala suti nyingine.

Mama Simone aliendelea kuigeuza suti. Alipofika kwenye mfuko wa koti, kidole chake kilisimama. Kulikuwa na mishono iliyopinda, ya mkono, na uzi wake wa nailoni haukushika rangi mpya wala haukuvuliwa ile ya zamani. Ulikuwa na bluu yake hafifu ileile.

"Huu uzi ni wangu," alisema polepole. "Mfuko ulipasuka siku ya harusi, nikaushona palepale, watu wakingoja kucheza. Lucien alinicheka, akasema nashona kama mutu anakimbizwa." Alicheka kidogo, akalia kidogo. "Basi ni yake. Ni yake kabisa."

Aliikunja suti, akaiweka kifuani. Kisha akamtazama Séphora.

"Lucien aliendesha treni miaka thelathini. Unajua alikuwa anafanya nini akiona alama ya njia asiyoielewa? Anasimamisha treni. Yote, na bantu ndani. Anashuka kwa miguu, anakwenda kuuliza. Nyuma banamutukana, banapiga kelele. Yeye anasema, 'Acha bapige kelele. Watafika wakiwa wazima.' Umenisikia, mutoto wangu?"

"Nimesikia, mama."

"Jana ulisimamisha treni ikiwa imekwisha kuanza kuanguka. Lakini uliisimamisha. Mara nyingine simamisha mapema." Akamwekea mkono kichwani, akaondoka, maana watu walikuwa wanamngoja.

Adolphine alingoja mpaka mjane alipotoweka kwenye kona.

"Sasa mimi nitakuambia langu," alisema, "na sitasema kwa upole kama yule mama. Mimi sikuenda shule, na sioni aibu kusema sijui. Kila siku ninakuuliza wewe. Aibu ni kusema unajua wakati hujui, halafu mutu mwingine analipa. Kuanzia leo utasoma Kiingereza na Exaucée kila jioni. Na Jumatatu utamwambia mwalimu wako habari ya ile kumi na nane."

"Atanipa sifuri, mama."

"Basi itakuwa sifuri yako mwenyewe."

Mwalimu alimpa sifuri, na adhabu ya kufagia darasa wiki nzima. Adolphine mwenyewe alirudi kwa muuza mikate, kwa seremala na kwa mchungaji, akawaambia kwamba alama zile hazikuwa za kweli. Haikuwa safari rahisi, na Séphora alitembea nyuma yake kila hatua. Kwenye pakiti zote za dawa Séphora aliandika kwa kalamu nene: INATOA RANGI, INASHIKA RANGI. Daftari lake lilianza na maneno machache: *fading*, kuchujuka, *bleaching*, kutoa rangi, *evita*, inazuia.

Mwezi uliofuata Mama Ngosa alikuja na kopo la mafuta ya kupaka mwilini, la kutoka mpakani, limejaa maandishi. "Madame London," alisema, "nisomee. Bameniambia inang'arisha uso."

Séphora alisoma taratibu. "Neno hili ninalijua, *bleaching*. Inatoa rangi ya ngozi yako, mama, kama javel kwenye nguo. Hili jingine sijui. Usipake kwanza. Ngoja nikamwulize Exaucée."

Akaelekea langoni mbele ya watu wote.

Adolphine alikuwa ameinama juu ya beseni lake, mikono kijani mpaka viwiko. Hakugeuka. Lakini alisema kwa sauti ileile aliyotangazia kumi na nane mtaani, ili hata waliokuwa barabarani wasikie:

"Mumemusikia mutoto wangu? Amesema hajui!"